Mwaka Niliobeba Nyongo

Mama Nyabise alifariki mwaka huu, kwa mwanawe, mtaa wa Nyasho, hapa Musoma. Mimi nakaa Mwisenge, wala si mbali. Nikamwita kijana wa bodaboda wa pale kona yetu, nikajifunga kanga mbili, nikaenda kuzika. Kwetu huku mwanamke mtu mzima akifika msibani hakai kwenye kiti kama mgeni wa serikali. Anavua ndala, anakwenda jikoni. Basi nikaenda, nikakuta sufuria kubwa ya maharage imeiva, nikashika upawa nipakue. Sijamaliza sahani ya pili, mkwe wa marehemu akaja, akanishika mkono taratibu. "Bibi, njoo ukae kivulini, hii kazi tuachie sisi." Akauchukua upawa. Nikaenda kukaa, lakini macho yangu bado mazima, namshukuru Mungu: nilimwona akimnong'oneza mwenzake, na ile sufuria ikabebwa nyuma ya nyumba, haikurudi. Watu wakala wali na mchicha. Wote waliokuja kunisalimia waliinama, na nilichosema hakuna aliyekibisha. Heshima ya namna hiyo siitaki, ila nimeizoea. Ilianza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na kwa kuwa wanaoujua mwaka ule wanakwisha, na wanaobaki wanausimulia vibaya, leo nausimulia mimi niliyekuwepo.

Habari za nilikozaliwa naziacha, hazina kazi hapa. Ulikuwa ule wakati watu wamehamishiwa vijijini, kuta za nyumba bado udongo mbichi, na kila mtu anaitwa ndugu, hata yule usiyempenda. Nilikuwa nimemaliza kozi ya mifugo, nikapangiwa kijiji kimoja kati ya Bunda na Butiama, kwenye nchi ya mawe makubwa na pamba. Kijiji kilikuwa na mradi wa nguruwe. Watu wa pale ni watu wa ng'ombe. Nguruwe waliletewa tu, hawakuwaomba, na walikuwa wanapita mbali na banda kama wanapita mbali na mlevi. Nilipoteremka kwenye lori la pamba na sanduku langu la bati, mwanamke mmoja mrefu, mweusi, kanga yake kaifunga kifuani, alinitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiyo Bibi Mifugo?" Nikasema ndiyo mimi, Bhoke. "Mbona kadogo hivi? Hao nguruwe si watakubeba!" Akacheka, akalinyanyua sanduku langu kichwani bila kungoja jibu. Huyo ndiye alikuwa Mama Nyabise, mlishaji wa nguruwe, na tangu siku hiyo tulilala chumba kimoja.

Chumba chenyewe nakiona hata sasa. Vitanda viwili vya kamba, katikati pazia la gunia la pamba, na dirisha dogo lililotazama banda la nguruwe moja kwa moja, kwa hiyo wao walikuwa wanatuona tukivaa na sisi tunawaona wakila. Nje palikuwa na mafiga na kibanda cha nyasi. Jioni Mama Nyabise alisonga ugali wa mhogo na mtama, mweusi, mgumu, ukiuminya unarudi, na furu, visamaki vya ziwani, waliokaushwa wakapikwa na nyanya. Tulikula sahani moja. Alikuwa Msabato wa kutupwa, nyama ya nguruwe hakuwahi kuionja. "Nawalisha tu," alisema. "Bwana alikataza kuwala, hakukataza kuwasalimia." Na kweli aliwasalimia, kila asubuhi, kwa Kijita. Alikuwa mjane. Mume wake alikufa, na shemeji yake, mwanamume aliyeitwa Kabuche, aliwazuia watoto kule Majita, kwamba ni wa ukoo, na kwamba mama yao akiwataka basi arudi akarithiwe na yeye. Kabuche alikujaga kijijini mara mojamoja kwa baiskeli. Alikuwa hakai ndani, anakaa mlangoni, mgongo umeegemea mwimo. Nikiwa nyuma ya pazia la gunia nilimsikia. "Shemeji, utakaa na nguruwe mpaka lini? Watoto wanakuulizaga." Kabuche akiondoka, Mama Nyabise anakwenda bandani, anakaa huko mpaka giza linaingia.

Sasa nisimulie kazi, maana yote yalitoka kwenye kazi. Vitoto vya nguruwe vikiachishwa kunyonya vinataka chakula chenye nguvu, na nguvu ya bei rahisi ni mafuta. Tulikuwa na pumba, mihogo mikavu, mashudu ya pamba ya kuyatia kwa kuogopaogopa kwa sababu yakizidi yanadhuru, na dagaa waliovunjika. Mafuta tuliyapata Musoma, kule mwaloni, ufukweni wanakoshusha na kubanika samaki: mafuta ya mumi na kamongo, yamechemshwa kwenye pipa, mazito, ya njano, yananuka ziwa. Tukiyamimina kwenye hori pamoja na uji wa pumba, yanaelea. Vitoto vinanyonya maji ya chini, mafuta vinayaacha, na kile kinachoyanywa kinaharisha mavi ya kung'aa yanayoteleza, kinakonda, mbavu zinahesabika. Bwana Mifugo wetu wa Bunda, ndugu Masatu, alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alikuja, akatazama, akajipiga kofi pajani. "Bhoke, mafuta hayakubali maji. Yanataka mshenga!" Akaeleza kwamba nchi za wenzetu wanatia dawa ya soya inayofanya mafuta na maji vishikane, yakatike vipande vidogo sana, tumbo changa la nguruwe liyaweze. Sisi soya hatuna, dawa hatuna. "Lakini Mungu ametupa nyongo. Hata tumboni mwako wewe, mafuta ya nyama yanakatwakatwa na nyongo. Nenda machinjioni Musoma, lete nyongo ya ng'ombe."

Mtu wa pwani akisoma hapa ataona ni jambo dogo. Huku kwetu si dogo. Ng'ombe akichinjwa, nyongo ni ya wanaume. Wanakaa kwenye mawe, nyama ya moto moto mkononi, wanachovya kwenye ule mchuzi mchungu wa nyongo, kichuri, wanakunja uso, wanasifiana. Mwanamke haisogelei. Sasa anakuja msichana na dumu dogo la plastiki, anataka nyongo zote za siku hiyo. Siku ya kwanza pale machinjioni walicheka mpaka wakakaa chini. "Binti, unataka kuoa?" mmoja akauliza. "Anawalisha nguruwe," mwingine akasema, na hapo kicheko kikapungua, kwa sababu kuna tofauti ya mwanamke kula cha wanaume na nguruwe kula cha wanaume. Walinipa, kwa sababu nilikuwa na barua ya wilaya. Kila wiki nilipanda lori, nikarudi na dumu langu la nyongo ya kijani kibichi, nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu, palipo na ubaridi. Mama Nyabise alilizoea. Wakati mwingine alilisogeza kwa kiwiko apate kutundika kanga yake.

Kosa alilifanya Masatu, na alilifanya kwa furaha. Alitaka kijiji kielewe. Akaitisha mkutano, akasimama mbele ya meza na chupa ya kioo, akamimina maji ya uvuguvugu, akamimina mafuta ya kamongo. Watu wakaona: maji chini, mafuta juu. "Ndugu, hivi ndivyo nguruwe wenu wanavyopata taabu." Kisha akatia nyongo, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa, akatikisa, akaiinua juu juani. Ndani ya chupa palikuwa na maziwa. Meupe, mazito, na kwa mbali kama yana ukijani, lakini ukiwa nyuma huuoni. Masatu alitabasamu akingoja makofi. Hapakuwa na kofi hata moja. Nilikuwa nimesimama karibu na akina mama wazee, nikamsikia mmoja akisema polepole, kama anaongea na tumbo lake, "Maziwa bila ng'ombe." Mwenzake akafunika uso kwa kanga. Watu hawa maziwa wanayapokea kwa mikono miwili. Binti akiolewa ni maziwa, mtoto akipewa jina ni maziwa. Na huyu bwana wa kaptula kawaonyesha kwamba mafuta ya samaki mwenye sura ya nyoka, ukiyatia uchungu, yanakuwa maziwa. Walitawanyika kimya. Masatu akaniambia njiani, "Wameelewa sana, umeona walivyotulia?" Nilimwitikia tu.

Lakini lazima niseme ukweli, nguruwe walipona. Kuharisha kuliisha. Walinenepa, manyoya yakalala, ngozi ikapata mng'ao wa kitu kilichopakwa. Na walinyamaza. Hilo ndilo lililoanza kuniogopesha mimi mwenyewe, na mimi nilikuwa na cheti. Banda la nguruwe ni kelele. Ukichelewa na chakula wanapiga mayowe mpaka unatukanwa na majirani. Hawa walikuwa wanasimama tu, midomo imefungwa, wamepangana ukutani, wote wanatazama upande mmoja, upande wa ziwa, ingawa ziwa kutoka pale halionekani. Masatu alisema nguruwe aliyeshiba mafuta halii, kwa nini alie? Ni kweli, ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini Mama Nyabise aliacha kuwasalimia. Nilimwuliza kulikoni. Akasema, "Zamani walikuwa wananiitikia."

Kisha wakaja wageni waliokuwa wanaelekea Butiama, na uongozi ukaamua nguruwe mmoja achinjwe. Nyama ilipikwa, wageni wakala, wakasifu, mmoja tu akauliza kama imepikwa pamoja na samaki. Mafuta yaliyoyeyuka yalimiminwa kwenye karai yagande. Hayakuganda. Asubuhi kulikuwa na baridi ya mawe, hata mafuta ya kupikia ya dukani yalikuwa yameshikana, lakini yale ya kwenye karai yalicheza kama maji, yananuka mwalo. Leo najua sababu: nguruwe ukimlisha mafuta ya samaki, mafuta yake yanakuwa ya samaki. Anakuwa kile alichokula, basi. Siku ile hakuna aliyejua, hata mimi. Watu walikuja mmoja mmoja kulitazama karai, wanatingisha kwa kidole cha mguu, wanaondoka. Katibu wa kijiji, ndugu Wambura, mtu mcheshi asiyeogopa kitu, akasema, "Nyie wajinga, mafuta ni mafuta," akalibeba karai kwenda kwake, mke wake akakaangia nayo maandazi.

Wiki hiyohiyo kule Musoma, mamba aliyekuwa anawanyemelea wanawake wanaoteka maji alipigwa risasi na askari wa wanyamapori. Mtu wa ziwani anajua kinachofuata: mamba akiuawa, anapasuliwa mbele za watu, na nyongo yake inatolewa, inaonyeshwa, inachimbiwa shimo na kufukiwa, kila mtu anaona kwa macho yake, ili kesho pasiwe na wa kuulizwa. Nyongo ya mamba ni sumu ya watu. Tone kwenye pombe, mtu anakwisha pole pole, na hakuna daktari anayeona kitu. Ndivyo wanavyosema, mimi sijawahi kuiona ikifanya kazi. Siku ile walipompasua, nyongo haikuwepo. Ini lipo, mahali pa nyongo papo, na penyewe pamekatwa kwa kisu, safi. Kelele zikapigwa mwalo mzima. Na mimi siku ile nilikuwa Musoma. Nilikuwa nimeliacha dumu langu machinjioni tangu mapema, nikaenda kununua sabuni na chumvi, na niliporudi nilikuta limejaa mpaka shingoni. Kwa kawaida halijai. Nilimwuliza mchinjaji, "Leo mmechinja wengi?" Akasema, "Kuna jamaa katia, sikumwangalia. Chukua, gari lako linaondoka." Nilipanda lori, dumu katikati ya magoti. Nilisikia habari ya mamba humo humo garini, kutoka kwa mama mmoja wa Bunda, na alipokuwa anaisimulia alikuwa analitazama dumu.

Ndugu Wambura alianza kuumwa siku chache baadaye. Tumbo. Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu zamani, mke wake mwenyewe alisema, na maandazi ya mafuta yale hayakumsaidia. Alikufa kabla gari la hospitali halijapatikana. Tulizika mvua inanyesha. Na siku tuliyorudi kutoka makaburini, Mama Nyabise alisonga ugali, akaupakua kwenye sahani mbili. Nilidhani amekosea. Akakaa upande ule wa mafiga, mimi upande huu. "Mama, leo tumegombana?" nikamwuliza. "Hapana, mwanangu. Nina kikohozi, nisikuambukize." Hakuwa na kikohozi chochote. Kesho yake akahamisha mtungi wake wa maji. Keshokutwa akauhamisha na unga. Usiku nilimsikia upande wa pili wa gunia, hageuki, hakoromi, amelala macho ananisikiliza nikipumua. Niseme tu, lile liliniuma kuliko yote. Wengine walikuwa watu wa kijiji. Huyu alikuwa ndiye mama yangu pale.

Mkutano uliitishwa baada ya arobaini ya marehemu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzuri, mwoga. Alianza kwa kusema kwamba katika nchi yetu mpya hakuna uchawi, mambo hayo ni ya ujinga, na watu wote wakapiga makofi. Halafu akakaa. Akainuka Mzee Magoti, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamekwenda shule, na aliongea kwa adabu sana. "Bibi Mifugo ni binti yetu. Hatumshtaki. Tunauliza tu kitu kidogo. Nyongo iliyopotea Musoma, na nyongo iliyo nyuma ya mlango wake, sisi macho yetu hayawezi kuzitofautisha. Yeye amesoma. Atutofautishie." Nikasema kwa sauti kwamba ile ni nyongo ya ng'ombe, kila wiki naleta nyongo ya ng'ombe. "Vizuri," Mzee akasema. "Ya ng'ombe tunaijua. Wanaume hapa tunaila. Basi na wewe uile, tuone, tutulie. Ukikataa, binti yetu, utatupa mawazo. Nyumba ni za nyasi, watu wana hasira." Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Masatu hakuwepo, alikuwa semina Mwanza, na hata angekuwepo angeeleza nini? Angetikisa chupa tena!

Mama Nyabise ndiye aliyetumwa kulileta dumu. Alilibeba kwa vidole viwili. Wakamimina kwenye kikombe changu mwenyewe cha bati, kikajaa. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wasimuliaji wanapoharibu. Wanasema nilikunywa bila wasiwasi, nikicheka. Uongo. Mimi sikujua ni nini kilichomo. Nililiacha dumu, nikalikuta limejaa, na tangu siku ile kila nyongo mpya ilimiminwa juu ya ile iliyobaki. Nilipoinusa ile nyongo ilinuka nyongo, kijani yake ilikuwa kijani. Nilitazama banda, kwa sababu wale nguruwe walikuwa wameshaila wiki nyingi na hawakufa, lakini kimya kile cha kwao, kusimama kwao kule wakitazama ziwa, niliwaza, labda hivi ndivyo mtu anavyokwisha pole pole. Niliogopa kufa mpaka mkojo ukanitoka kidogo, nasema wazi, niko mzee sina cha kuficha. Nikanywa. Uchungu ule hauna jina. Masikio yalivuma, machozi yalitoka, lakini nilikimeza kikombe chote, nikakigeuza juu chini waone. Nilitembea mpaka chumbani, nikajilaza.

Walikuja nyuma yangu na kukaa uwanjani, mbali kidogo, kama watu wanaongoja mvua. Mama Nyabise alikaa mlangoni, mgongo kwenye mwimo. Nilitapika, nikatapika tena, tumbo likaniendesha. Kila nilipotulia nilimsikia mtu nje akiuliza, "Bado?" na Mama Nyabise akijibu, "Bado." Mchana ukapita. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilisikia njaa, nikatoka, nikachukua kiporo kwenye chungu changu, nikala nimesimama, wote wakinitazama. Nilitafuna kwa makusudi. Nilidhani watashangilia, au wataona aibu. Mzee Magoti alisimama, akavua kofia yake. "Shikamoo," akaniambia. Mzee wa umri ule! Anamwamkia binti! Nikafikiri amechanganyikiwa na jua. Wakaondoka wote, na hawakunigeuzia mgongo mpaka walipofika barabarani.

Nililala usingizi mzuri usiku ule, mjinga mimi, nikijua nimesafishika. Asubuhi niliimwaga nyongo iliyobaki kwenye shimo nyuma ya banda, nikafukia, nikasema basi, nguruwe wale pumba kavu. Mchana, watu wakiwa kwenye pamba, nilisikia mtu akibisha hodi. Ni mke wa mwenyekiti. Ameleta mayai kwenye kikapu. Alikaa, akasifu chumba, akasifu pazia la gunia, kisha akauliza, bila kunitazama, "Ile kitu, imebaki?" Sikumwelewa. Akasema mume wake ana mtu Bunda, mwanamke wa klabu. "Siyo nyingi." Nikamwambia, "Mama, ile ni nyongo ya ng'ombe, si mliniona nikinywa?" Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Tulikuona." Hapo ndipo nilipoelewa. Hawakuona kwamba si sumu. Walichokiona ni mtu aliyekunywa sumu kikombe kizima, na jioni akala kiporo. Alifuata kijana wa Mzee Magoti, ana ugomvi wa mpaka na kaka yake. Alifuata mwalimu. Mwalimu kabisa, wa kufundisha hesabu! Kila mmoja alikuja peke yake, na kila mmoja nilimwambia ni ya ng'ombe, na kila mmoja alitabasamu kama nimemwambia siri.

Mama Nyabise alingoja mpaka wote walipokwisha. Ilikuwa Jumapili, anafua. Alisuuza kanga yake, akaikamua, akaitundika, akaja akakaa kando yangu kwenye gogo, karibu, kama zamani. "Bhoke mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya kuomba chumvi. "Kabuche anakuja Ijumaa." Nikasema, Mama, hapana. Wewe umekaa na mimi. Ulikuwa unalisogeza kwa kiwiko. Unajua kabisa kwamba ni nyongo ya ng'ombe. Akanishika goti. "Najua, mwanangu. Nani kasema siyo ya ng'ombe? Basi nipe hiyohiyo ya ng'ombe." Nikamtazama usoni. Alikuwa haogopi, hana hasira, ana matumaini tu. Nililia mbele yake, nikamwambia sina, nimefukia, na ningekuwa nayo nisingekupa. Akanifuta machozi na pindo la kanga mbichi. "Basi, nyamaza. Yameisha." Kesho yake asubuhi udongo nyuma ya banda ulikuwa umechimbuliwa. Inawezekana ni mbwa, mbwa wanapenda nyongo. Na hata kama si mbwa, ni nyongo ileile niliyokunywa mimi.

Kabuche alikuja Ijumaa, akakaa mlangoni, akanywa uji, akasema maneno yake yaleyale, akaondoka na baiskeli yake akiwa mzima, anapiga kengele. Mwezi uliofuata kuhara kulipita kule Majita, kuhara kubaya, kulikochukua watu nyumba hadi nyumba, wazee na watoto, na Kabuche akawa mmoja wao. Ndivyo ilivyokuwa. Mwuguzi aliyekuwa zamu huko aliniambia mwenyewe baadaye, vitanda havikutosha. Lakini habari ilifika kijijini kwetu ikiwa na jina moja tu, la Kabuche.

Siku ya tatu tangu habari ifike, nilikuwa napima pumba niliposikia vigelegele. Lori lilikuwa limesimama barabarani, na Mama Nyabise alikuwa anakimbia, mwanamke mrefu vile, kanga imemdondoka hajali. Watoto wake waliteremka wakiwa na vumbi mpaka kope, mdogo kabisa hakumtambua, akajificha nyuma ya mkubwa. Aliwakumbatia wote kwa pamoja, akaanguka nao chini, akalia kilio ambacho hata leo nakisikia. Nililia na mimi. Nilifurahi, jamani, nilifurahi sana. Kisha akainuka, akawapangusa nyuso mmoja mmoja, akawashika mikono, akawaleta mpaka nilipokuwa nimesimama na pumba zangu. "Mwamkieni shangazi yenu," akawaambia. "Huyu ndiye aliyewarudisha." Watoto wakapiga magoti kwenye udongo, wote, hata yule mdogo, aliyekuwa anatazama wenzake aone afanye nini. "Shikamoo, shangazi." Mama yao alinitazama, macho yamejaa maji na shukrani, na nyuma yake niliona akina mama wengine wamesimama milangoni kwao, wanangoja nijibu. Ningesema nini? Nikaitikia, "Marahaba."